Rivyu: Ziwa Nakuru kama darasa la vitu hai na visivyo hai (nilipeleka gredi ya 9)

Walimu wenzangu wameniuliza sana, wengine kwa simu wengine kwa grupu, kama kweli kuna haja ya kupakia watoto kwa basi mpaka Ziwa Nakuru juu ya mada moja tu ya sayansi, ile ya sehemu zilizo hai na zisizo hai za mazingira, ama ni sisi walimu tunataka kutembea kwa pesa ya wazazi. Nimeona niandike yote hapa mara moja ndio nipumzike. Jibu fupi ni peleka, na simba na kifaru mkiwapata iwe ni ziada, kitu mmeendea ni lile ziwa lenyewe. Nyota 4 kati ya 5, na nitaeleza hiyo moja ilienda wapi.

Mimi nafundisha sayansi upande wa Njoro, na hii mada ni moja ya zile mtoto anadhani ameshaielewa kabla hujamaliza kuandika kichwa ubaoni. Ng'ombe? Hai. Jiwe? Si hai. Jua? Si hai. Anafunga kitabu anangoja kengele. Sasa muulize hilo jua na hilo jiwe lina kazi gani kwa ng'ombe, anakuangalia tu. Yaani kupanga vitu kwa makundi mawili hata mtoto wa PP2, wa chekechea, anaweza, shida ni kuona venye kundi moja linaamulia lingine, venye mvua ikizidi ama chumvi ikipungua kuna mnyama atahama na mwingine atakuja kukaa hapo na hakuna mtu aliitisha mkutano.

Kabla ya mbuga acha niseme kidogo kuhusu hizi chati za ukutani, maana wengi wenu ndizo mnategemea. Tulinunua moja kwa duka fulani la vitabu hapa tauni (sitataja), karatasi inang'aa, rangi safi, na bei yake si ya mchezo. Katikati kuna simba mkubwa anafukuza pundamilia, kuna nyasi, tai juu, uyoga kwa kona. Vitu visivyo hai vimewekwa pembeni kama mapambo, kajua kanatabasamu, kawingu kamoja, kajiwe. Hewa imeandikwa tu jina juu haichoreki. Udongo ni mstari wa kahawia chini ya miguu ya simba, basi, hakuna kingine. Mtoto akiangalia hiyo kitu muhula mzima anachojifunza ni kwamba simba ndiye mwenye nyumba. Nyota 2, na zote mbili nimepatia gundi, maana bado iko ukutani.

Sasa ziwa. Ziwa Nakuru ni ziwa la magadi, na uzuri wake kwa mwalimu ni kwamba hesabu yake ni rahisi kuliko unavyodhani. Maji yanaingia kwa mito, Njoro, Makalia, Nderit, na chemchemi, pia maji taka ya mji yakishasafishwa yanaishia huko, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Njia ya kutoka ni juu tu, jua linayafanya mvuke yanapaa, na chumvi zote ambazo mito imekokota kutoka kwa mawe na udongo huku juu zinabaki hapo chini zinajikusanya miaka na miaka. Ndio maana zamani pH ya hayo maji (kipimo cha asidi na magadi, 7 ndiyo katikati) ilikuwa inafika karibu 10. Ni ukali ambao viumbe wengi hawauwezi, lakini kuna mwani mdogo sana, spirulina, wenyewe unaupenda, unajaa mpaka maji yanakuwa kijani kizito, na flamingo wadogo wanainamisha kichwa, mdomo juu chini, wanauchuja. Ile rangi yao ya waridi inatoka kwa hicho chakula. Kwa hivyo zile picha za kalenda za ziwa limegeuka waridi, ukifuata chanzo chake nyuma nyuma unafika kwa mawe na jua. Hapo sasa mtoto anaanza kukaa wima.

Halafu kuna hii sehemu nyingine ambayo hakuna chati inaweza kukupea. Kutoka mwaka 2010 hivi maji yalianza kupanda, na yalipanda kweli, yakameza geti kuu la zamani na ofisi, yakavuka ua wa mbuga yakaingia kwa mashamba na manyumba ya watu huko Mwariki. Barabara ya kandokando ya ziwa, ile wazee wetu walikuwa wanapigia picha, sehemu nyingi iko chini ya maji. Maji yakawa mengi, magadi ikapungua ukali, mwani ukapungua, na flamingo wengi wakajiendea Bogoria na kwingine. Wanarudi saa zingine, wanakuja wanaenda. Lakini samaki nao wakashukuru Mungu, na wari na minandi na tai wa samaki wakafuata samaki. Na hao samaki wenyewe mwanzo hawakuwa wa hapa, wa kwanza waliletwa kutoka ziwa Magadi miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, tilapia wadogo wa kuvumilia magadi, waletwe wakule mabuu ya mbu, na ndio wari wakaanza kuja kwa wingi juu sasa kuna chakula. Ukirudi tena katikati ya miaka ya 1990, ziwa hilo hilo lilikauka karibu lote, likabaki vumbi jeupe. Ziwa moja, ukame, mafuriko, magadi juu, magadi chini, na kila mara orodha ya wanyama inabadilika. Mimi nikiambiwa nitunge mfano wa kufundishia singeweza kutunga kuliko huo.

Kitu kimoja ambacho nawashauri sana, msiende hivi hivi. Wiki ya kabla tulitumia magadi ya kupikia, ile ya mrenda na ya kulainisha maharagwe, ya sokoni tu, ya bei ya chini. Kila kikundi kiliyeyusha kidogo kwa maji kwenye sahani ya bati. Wakashika, inateleza kama sabuni. Karatasi ya litmasi nyekundu, ile ya kupima asidi na magadi, ikageuka bluu, na wale litmasi hazikuwafikia walitumia maji ya maua mekundu ya haibiskasi pale karibu na ofisi ya hedimasta, yakageuka kijani. Mmoja alionja na nilikuwa nimekataza, akasema ni ile ya nyumbani tu. Tukaacha sahani juani nyuma ya stoo. Baada ya jua la kutosha maji yalikuwa yameisha na kumebaki ukoko mweupe kwa ukingo, mzito chini, mwembamba juu, kama ziwa lenyewe likipungua. Bila hiyo sahani ningeongea kwa ukingo wa ziwa mpaka sauti ipotee na wangekuwa wanahesabu pundamilia.

Siku yenyewe tulifika mapema, kwa geti kuna nyani wanatungoja kama makanga wa steji, watoto wakacheka hao nyani wenyewe karibu dakika kumi. Tulikuwa na mwongozaji, dada mmoja kijana hivi, na huyo ndiye alibeba siku. Alitupeleka kwanza penye migunga imekufa imesimama ndani ya maji. Kama hujaiona ni kitu. Miti mirefu, maganda yote yameanguka, imebaki mifupa myeupe, na kwa kila tawi kuna mnandi ametanua mabawa anajikausha, na mavi yao yametiririka kwa shina mpaka majini. Mwongozaji hakusema neno kuhusu ndege. Aliuliza swali moja tu, nani aliua hii miti?

Mmoja akasema tembo. Akaambiwa mbuga hii haina tembo hata mmoja, watoto wakashtuka, wengine wakauliza mbona basi tumelipa. Mwingine akasema watu wa makaa. Mwingine ugonjwa, mwingine magadi, na huyo wa magadi hakuwa mbali sana. Mwongozaji akawaambia waangalie maji yamefika wapi kwa shina, halafu akawauliza mizizi inapumua nini. Kimya. Akaeleza venye udongo wa kawaida una vinafasi vya hewa katikati ya chembe, na mizizi ya mgunga inataka hiyo hewa, sasa maji yakijaa hizo nafasi na yakae miezi na miaka hewa inaisha, mti unakosa pumzi ukiwa umesimama penye maji mengi. Mgunga wenyewe ni mti wa kupenda maji, ndio maana unaupata kando ya mito na maziwa, lakini kupenda maji na kulala ndani yake ni mambo mawili. Nilikuwa na wanafunzi wanaosinzia darasani kila siku ya Mungu, hapo walikuwa wameshika dirisha na mikono miwili.

Na vita vikaanzia hapo. Huo mti uliokufa ni hai ama si hai? Upande wa kushoto wa basi ukasema si hai, haupumui haukui. Upande wa kulia ukasema si sawa na jiwe, ulikuwa hai, na kuna wadudu ndani wanaula, na kuna kiota. Nikawaacha wabishane, sikuwapa jibu haraka, na nawaomba walimu msikimbie kutoa jibu kwa hiyo, hapo ndio wanaelewa kwamba kuna vitu vilivyokuwa hai ambavyo vinarudi kwa udongo polepole na ndivyo vinalisha vingine. Kijana mmoja akauliza kama basi letu pia ni sehemu isiyo hai ya hayo mazingira. Swali zuri kuliko linavyosikika! Nikamwambia kwa sasa ni mgeni tu, lakini ukiliacha hapa popo wakae ndani na nyasi zipite kwa sakafu, tuongee upya. Na moshi wake tayari ni sehemu, hata kama hatutaki.

Halafu tukapata simba. Walikuwa wamelala chini ya mti, jike wawili na watoto wao, karibu na barabara. Hapo somo likaisha. Hakuna aliyekumbuka pH wala mizizi, ni simu za walimu zinapiga picha na watoto wanapanda juu ya viti. Sina neno mbaya juu ya simba, lakini kama nyinyi mna masaa machache mwambieni dereva simba wawe wa mwisho, muanze na ukingo wa maji asubuhi wakati akili bado ni safi.

Makalia, kule kusini kwenye maporomoko, ni mahali pengine pazuri juu mnaruhusiwa kushuka. Sheria ya mbuga ni kwamba hushuki kwa gari ovyo ovyo, ni sehemu zilizotengwa tu, na ni haki, kuna nyati. Pale tulitoa vipimajoto. Kikundi kimoja kikaweka chake kwa udongo wa kivulini, kingine kwa udongo wa juani, mita chache tu kati yao. Tofauti ilikuwa kubwa mpaka wakadhani kipimajoto kimoja kimeharibika wakabadilishana. Kivulini udongo ulikuwa na unyevu, ukiinua majani makavu unapata jongoo, siafu, vitu vyeupe vya ukungu vimeshika majani pamoja. Juani ni nyufa tu na nyasi ngumu. Kando kulikuwa na mavi ya nyati ya zamani, msichana mmoja akayageuza na kijiti, chini kulikuwa na wadudu weusi wamejaa na udongo umelowa. Mwanga, joto, maji, udongo, zote wameziona kwa mahali unaweza kufunika na shuka mbili. Ukitaka ukweli, hii sehemu mngeweza kuifanya hata nyuma ya choo cha shule, haihitaji mbuga, ila shuleni hakuna mtu hujishughulisha.

Chakula tulilia Baboon Cliff, yaani mwamba wa nyani. Jina lisikudanganye ni la maringo, nyani wako na wana adabu mbaya, kuna mwalimu alinyang'anywa chapati yote na maharagwe yakabaki. Lakini ukiwa pale juu unaona ziwa lote, na mji uko pale, majengo yamekaribia kabisa. Watoto wangu wanajua Mto Njoro, unapita huku kwetu, unatoka msitu wa Mau, wanaosha nguo huko, wanachota maji huko. Nikawaonyesha upande ambao unaingilia. Mmoja akafikiri kidogo akauliza, "Ticha, kwa hivyo hata sabuni yetu iko hapo?" Ndio, iko hapo. Na mbolea ya mashamba ya mahindi, na udongo unaobebwa msitu ukikatwa, na karatasi za plastiki. Na kumbuka hakuna mto wa kutoka. Hapo walinyamaza kwa njia ambayo sijawahi kufaulu kuwanyamazisha.

Sasa ile nyota moja niliondoa. Sijaitolea mbuga, nimeitolea usafiri. Basi tulilokodisha, la mtu binafsi na sitataja, madirisha yake mengi yalikuwa hayafunguki, yale ya juu tu ndio yanasukumika kidogo, na vioo vina stika nyeusi. Fikiria umepeleka watoto waone mazingira na wanayaona kupitia stika. Halafu dereva alikuwa na haraka, kila tukisimama anawasha injini, ndege wanaruka, na tulipomwambia azime akasema betri ikigoma ni sisi tutasukuma na simba wako hapo. Ukikodisha, nenda ukalione basi kwa macho kabla ya kutuma dipoziti, ufungue dirisha na mkono wako mwenyewe, na umwambie mwenye basi kwa mdomo kwamba hii si tripu ya kupita, ni ya kusimama simama.

Kuhusu malipo, pesa taslimu haipokelewi getini, ni eCitizen, ule mtandao wa serikali wa kulipia huduma, kwa hivyo mwalimu asiende na bahasha ya pesa za watoto akidhani atalipa dirishani. Fanyeni mapema mkiwa na intaneti nzuri. Pia andikeni barua kwa KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, mapema kueleza nyinyi ni shule mnaenda kwa masomo, msingojee wiki ya mwisho. Bei sitaandika hapa juu zinabadilika, angalieni huko kwenye eCitizen. Mwongozaji lipieni. Najua kamati ya wazazi itasema ni gharama ya bure, lakini bila yeye mtazunguka mkionyeshana pundamilia.

Vitu vya kubeba: vipimajoto, litmasi kama mnazo, darubini hata kama ni moja ya kupokezana, kofia, maji mengi kuliko unavyodhani, na daftari zenye jalada gumu maana kwa basi hakuna meza. Sisi tuliwapa watoto karatasi yenye swali moja tu, chagua kitu kimoja kisicho hai hapa, halafu andika nani angeondoka kikibadilika na nani angekuja. Ile ya kujaza jedwali la safu mbili, hai huku, si hai kule, tuliiacha shuleni kwa makusudi. Majibu mengine yalikuwa vichekesho (kuna aliyeandika upepo ukiisha tai wataanza kutembea kwa miguu, na ukifikiria, si ujinga kabisa, tai wakubwa hutegemea hewa ya joto inayopanda ndio waelee), lakini karibu wote walikuwa wameunganisha vitu viwili ambavyo mwanzoni walikuwa wanaviweka kwa kurasa tofauti.

Kama shule yenu haina uwezo wa basi, msijilaumu na msirudi kwa chati. Chukueni sahani ya magadi, kamba ya kupima mraba wa mita moja kwa uwanja na mwingine chini ya mti, na mteremke mpaka mto wowote ulio karibu. Utapata karibu robo tatu ya somo bila senti. Kitu mtakosa ni ile robo ya mwisho, kuona migunga imekufa imesimama kwa maji na kujua maji ndiyo yalifanya hivyo, na hiyo sidhani kuna namna ya kuibeba mpaka darasani, hata video haitoshi, nimejaribu na projekta, wanaona ni sinema tu.

Muhula ujao nataka kuwapeleka Bogoria waone huko ambako flamingo wengi walihamia, walinganishe maziwa mawili yaliyo kwa bonde moja. Pamoja na Elementaita yote matatu yaliingizwa na UNESCO kwa urithi wa dunia mwaka 2011, na bado ukienda unakuta kila moja lina tabia yake. Bogoria ina chemchemi za maji ya moto yanayochemka, kwa hivyo somo la joto liko tayari, nitahitaji tu kuwashika hao watoto wasikaribie. Kama kuna mtu hapa amepeleka darasa huko aniambie barabara iko aje kwa basi kubwa, na kama unajua mwenye basi ambalo madirisha yanafunguka, tafadhali mwambie anitafute.